Jiko la kuni: pima sufuria yako kabla ya kwenda sokoni

Mwezi wa tano, mvua ikiwa imeshika, mama mmoja kutoka upande wa Seme aliniletea mtoto wake wa miezi tisa. Ilikuwa mara ya tatu kwa muda wa miezi minne. Kikohozi kilikuwa kile kile na kifua kilekile cha kukoroma. Nilipomwuliza anapikia nini nyumbani, alinijibu kwa fahari kidogo, "Daktari, mimi nina jiko la kisasa. Mume wangu aliniletea lile kubwa kabisa." Nikamwuliza kama chai ya asubuhi hiyo ilipikwa kwa jiko hilo. Aliinamisha kichwa akacheka. Chai ilipikwa juu ya mafiga matatu, mtoto akiwa mgongoni.

Sababu yake ilikuwa nzuri. Lile jiko lilikuwa pana mno kwa sufuria ya chai. Sufuria ilikaribia kutumbukia ndani, ndimi za moto zilitoka pembeni zikamchoma vidole, na kuni alizotumia kwa vikombe vinne zingetosha kupika nyoyo. Kwa hiyo jiko lilikaa kando likiwangoja wageni, na familia ikaendelea na mafiga kama zamani.

Tangu siku hiyo nimekuwa na mazoea ya kuwauliza akina mama swali hilohilo, na majibu yanafanana. Jiko lipo, ila ni kubwa mno au ni dogo mno. Basi leo, msomaji, tuzungumze juu ya ukubwa wa jiko, jambo ambalo muuzaji aghalabu hakuulizi, na sisi madaktari pia tumelipuuza kwa miaka mingi.

MOSHI NI NINI HASA

Katika sensa ya mwaka wa 2019, zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zilitaja kuni kuwa ndizo wanazotegemea zaidi kupikia. Shirika la Afya Duniani nalo lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020, na kati ya hao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano.

Moshi ni sehemu ya kuni ambayo haikuungua. Ukuni ukipata joto hutoa hewa za namna nyingi. Hewa hizo zikikutana na moto mkali na upepo wa kutosha, huwaka na kuwa mwali unaouona. Zikikosa joto au zikikosa upepo, hupanda juu zikiwa moshi mweusi au wa kijivu, zikibeba chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Chembe zenye upana usiozidi mikromita 2.5 hupita puani na kooni bila kuzuiwa na kushuka hadi kwenye vifuko vya hewa mwisho kabisa wa mapafu. Pamoja nazo huja kaboni monoksaidi, ambayo hujishika kwenye damu mahali ambapo oksijeni ingekaa.

Mtoto mchanga hupumua haraka kuliko mtu mzima, na mapafu yake bado yanakua. Anapokuwa mgongoni mwa mama aliyeinama juu ya moto, yuko mahali pabaya kabisa jikoni. Ndiyo sababu nimonia huwapata watoto wengi wa jikoni. Mama mwenyewe hulipa baadaye, kwa ugonjwa sugu wa mapafu, kwa mtoto wa jicho, na kwa maradhi ya moyo. Mjamzito anayevuta moshi huo kila siku yumo katika hatari ya kuzaa mtoto mwenye uzani mdogo.

Sasa utaona ukubwa wa jiko unaingiaje. Ukiwa na jiko kubwa kwa chakula kidogo, utapunguza moto kwa kubana upepo au kwa kuacha kuni zifukize tu, na kuni zinazofukiza ndizo zinazotoa moshi mwingi zaidi. Ukiwa na jiko dogo kwa sufuria kubwa, maji yanakawia, nawe kwa kukosa subira unasukuma kuni ya nne, ya tano na ya sita. Mlango unajaa, upepo haupiti, na nyumba inafuka. Makosa haya mawili hayafanani, lakini mtoto anavuta moshi uleule.

CHUKUA SUFURIA, USIONE HAYA

Watu wengi hununua jiko kwa kutazama bei, au kwa kuwaza siku ile shemeji watakapokuja. Tafadhali, usinunue jiko la matanga kwa matumizi ya kila siku. Kwenye matanga sufuria kubwa huwekwa uani juu ya mawe, watu mia wakala, na hilo lina mahali pake. Nyumba yako ina chakula cha Jumatatu na Jumanne, nacho ndicho kinachopaswa kuchagua jiko.

Fikiria sufuria mbili. Ya kwanza ni ile unayoitumia mara nyingi zaidi kwa siku, na katika nyumba nyingi za kwetu hiyo ni ya chai, uji au mboga. Ya pili ni ile ya ugali wa jioni. Chukua uzi, upime upana wa kitako cha kila moja, si upana wa mdomo, kwa sababu moto hugonga kitako.

Nyumba inayomaliza pakiti ya unga ya kilo 2 kwa mlo mmoja hutumia maji ya lita 4 hivi. Ukiongeza nafasi ya kusonga, unahitaji sufuria ya lita 8 hadi 10, ambayo upana wake huwa kama sentimita 28 hadi 30. Nyumba ya watu watatu au wanne wanaomaliza nusu pakiti inatoshwa na sufuria ya sentimita 22 au 24. Tofauti hiyo yaonekana ndogo katika uzi, lakini mdomo wa sentimita 30 una eneo linalokaribia mara mbili ya mdomo wa sentimita 22, na moto utakaoulisha unaongezeka vivyo hivyo.

Kisha nenda nayo sufuria hiyo sokoni. Mafundi wa Kibuye wamezoea kuona mengi, hawatakucheka. Iweke juu ya jiko uangalie. Kitako kifunike mdomo wa jiko wote na kuuzidi kidogo. Ukiweza kuona ndani ya jiko kwa pembeni huku sufuria ikiwa juu, jiko hilo ni kubwa kwako, na joto lote litakalopita hapo litakwenda kupasha paa. Kati ya kitako cha sufuria na ukingo wa jiko ibaki nafasi kama unene wa kidole kimoja, ambayo inashikiliwa na vile vishikio vitatu. Nafasi ikiwa finyu zaidi, moto hukabwa koo na kurudisha moshi mlangoni. Ikiwa pana zaidi, mwali hutoroka kabla haujafanya kazi.

Halafu tia maji kidogo ndani ya sufuria, umwombe fundi mwiko au kijiti chochote, nawe usonge kwa nguvu kana kwamba ugali umeanza kuwa mgumu. Jiko likiyumba, achana nalo hata kama ni zuri namna gani. Nimeshona na kufunga vidonda vya maji moto vya watoto wengi ambao kosa lao lilikuwa kukaa karibu na sufuria iliyowekwa juu ya jiko dogo kuliko yenyewe.

Wale ambao bado mnapikia kwa chungu, agulu ya kitako cha mviringo, mtaona kwamba hushuka ndani ya jiko zaidi ya sufuria. Pimeni kwa chungu chenyewe, msikisie kwa sufuria.

KUNI ZINAKWENDA WAPI

Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu hii ni ya mfuko pia. Kuchemsha maji ya lita 5 hapa Kisumu, ambako tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka yakiwa na nyuzi 96 hivi, kunahitaji nguvu ya joto ya kiasi cha megajuli 1.5. Kilo moja ya kuni kavu ina megajuli 16 hivi. Kwa hiyo kama joto lote lingeingia kwenye maji, gramu 100 za kuni zingetosha.

Lakini halingii. Juu ya mafiga matatu yaliyo wazi, tuseme sehemu moja tu kati ya nane ndiyo hufika kwenye maji. Hapo unatumia karibu robo tatu ya kilo. Kwa jiko lililoivana na sufuria yake, tuseme sehemu moja kati ya nne hufika, na kuni zinapungua hadi chini ya gramu 400. Jiko lilelile likiwekewa sufuria ndogo isiyofunika mdomo wake, faida inapungua, na huenda usione tofauti na mafiga.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Udongo wa jiko wenyewe hula joto. Kabla ya maji kupata moto, kuta zile nene lazima zipashwe kwanza. Kwa nyoyo inayochemka saa tatu hilo halina neno, kwa kuwa joto lililohifadhiwa ukutani litaendelea kusaidia. Kwa vikombe viwili vya chai ni hasara tupu, kwa sababu chai imeshanywewa na ukuta ndio kwanza unapata moto. Jiko la chai liwe dogo na jepesi.

Hapa kwetu tuna bahati ya kuwa na historia ya kazi hii. Katika miaka ya 1980, Wizara ya Nishati, shirika la Ujerumani la GTZ na Maendeleo ya Wanawake walieneza jiko la kuni lenye kitu cha udongo uliochomwa ndani yake, likaitwa jina la Maendeleo. Huku magharibi mwa Kenya likajulikana zaidi kama Upesi, na kina mama wafinyanzi, wakiwemo wale wa kikundi cha Keyo karibu na Kisumu, wakawa mafundi wake. Kile kitu cha udongo hununuliwa peke yake, kisha mwenye nyumba hukijengea kwa matope na mawe papo hapo jikoni. Uzuri wake ni kwamba unaamua mwenyewe unene wa kuta. Ubaya wake ni kwamba ukishajenga, hutaweza kubadilisha ukubwa pasipo kubomoa. Ndiyo maana nasisitiza kupima kwanza. Na ukishajenga, liache likauke wiki mbili au zaidi kabla ya kuwasha moto mkubwa, la sivyo litapasuka.

Ushauri wangu, ikiwa mfuko unaruhusu, ni kuwa na majiko mawili ya kadiri badala ya moja kubwa. Moja lijengwe kwa ajili ya sufuria ya ugali. La pili liwe la kubebeka, la sufuria ndogo. Yule mama wa Seme ndivyo alivyofanya. Lile kubwa lilihamishiwa kwenye kibanda cha uani, ambako hutumika siku wageni wakija, na mahali pake akajenga la udongo linalolingana na sufuria yake ya kila siku. Aliniambia kwamba mume alinuna juma moja hivi, maana lile kubwa alilibeba mwenyewe kutoka mjini juu ya baiskeli.

UREFU NAO NI KIPIMO

Ugali wetu si wali. Unasongwa kwa mabega na mgongo. Jiko likijengwa juu ya meza ndefu kama zile za picha za matangazo, mama hawezi kuukandamiza mwiko, na baada ya siku mbili atalikimbia. Likiwa chini kabisa, atainama na uso wake utakuwa ndani ya moshi, na mtoto anayetambaa atalifikia. Simama wima, sufuria ikiwa juu ya jiko: ukingo wake uwe chini kidogo ya kiuno chako wewe unayepika. Kama wapishi ni wawili, mama mkwe mfupi na mkaza mwana mrefu, pimeni kwa yule anayesonga mara nyingi zaidi.

Nyumba yenye mtu wa kifafa ihesabu jambo hili mara mbili. Baadhi ya vidonda vibaya kabisa vya moto nilivyoviona ni vya wagonjwa wa kifafa walioangukia mafiga ya chini. Jiko lililoinuliwa na kuzungushiwa ukuta wa udongo haliondoi hatari hiyo yote, lakini linaipunguza. Na mgonjwa asipike peke yake.

Mlango wa kuni nao usiwe mpana. Uingize vijiti viwili au vitatu vya unene wa kidole gumba au zaidi kidogo, na ubakie mwanya chini yake upepo upite. Mlango mpana ni kishawishi cha kusukuma gogo zima. Kuni zipasuliwe na kukauka chini ya upenu tangu kiangazi, kwa kuwa ukuni mbichi hutumia joto lake kuchemsha maji yaliyomo ndani yake kwanza. Najua kwamba huko Kano, mafuriko yakija, watu hupikia chochote kinachopatikana: mabua, magunzi, hata samadi kavu. Vitu hivyo huungua haraka na kutoa moshi mwingi. Siku hizo pikieni nje kadiri mvua inavyoruhusu.

Nawataja pia wale wanaokaanga mgongo wazi kule Obunga na wanaobanika samaki ufuoni. Moto wenu ni wa biashara, na karai lenu halina uhusiano na kipimo nilichotoa hapa juu. Ninachowaomba ni kwamba jiko la kazi libaki kazini. Nimeona nyumba za chumba kimoja ambamo jiko la kukaangia ndilo hilohilo la uji wa mtoto.

Na wenye jiko la mkaa? Kipimo cha sufuria ni kilekile. Mkaa hautoi moshi mwingi wa kuonekana, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu ile kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Jiko kubwa la mkaa hubaki na makaa mengi baada ya chakula kuiva, na msimu wa mvua watu huliingiza chumbani ili kupasha joto au kukausha nepi. Usifanye hivyo kamwe, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Ukiamka na kichwa kinachouma vibaya pamoja na kichefuchefu, na wenzako chumbani wako vivyo hivyo, tokeni nje wote mara moja kisha mwende hospitali.

JIKO HALITOSHI PEKE YAKE

Nisingekuwa mkweli nikikuambia kwamba jiko linalolingana na sufuria litamaliza nimonia. Huko Guatemala, nyumba zilizopewa majiko yenye dohani zililinganishwa na zile zilizobaki na moto wa wazi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2011 yalionyesha kuwa nimonia kwa jumla haikupungua kwa kiasi cha kuaminika, ingawa nimonia kali ilipungua kwa karibu theluthi moja. Malawi, katika uchunguzi wa watoto zaidi ya 10,000 uliochapishwa mwaka wa 2017, majiko bora yasiyo na dohani hayakupunguza nimonia hata kidogo.

Wengine walisoma habari hizo wakasema basi tusijisumbue. Mimi nazisoma kwa namna nyingine. Moshi unaobaki ndani ya nyumba unatosha kudhuru hata ukiwa nusu ya ule wa zamani, na kwa hiyo lazima uonyeshwe njia ya kutoka. Practical Action, shirika ambalo zamani liliitwa ITDG, lilipofanya kazi na wanavijiji hapa Kisumu, liliwasaidia kupanua madirisha, kuacha nafasi kati ya ukuta na paa, na kuweka vifuniko vya bati juu ya jiko vinavyovuta moshi hadi nje. Dirisha liwe upande wa pili wa mlango ili upepo wa ziwa upite katikati. Mwenye uwezo wa kununua gesi na atumie gesi, hata kama ni kwa chai tu. Na mtoto akae mbali na moto, pamoja na dada au nyanya yake, mpaka chakula kiive. Hilo la mwisho halina bei, na ndilo ninaloliona likifanyika mara chache kuliko yote.

Ukishawasha jiko lako jipya, toka nje baada ya dakika kumi utazame paa. Moto uliokwisha kushika unapaswa kutoa moshi mwembamba tu. Ukiona moshi mzito bado unapenya kwenye nyasi au kwenye mabati, rudi ndani utoe kuni moja au mbili, futa majivu mlangoni, uangalie tena.

Kama mtoto anakohoa, mfungue kifua, utazame tumbo likipanda na kushuka, uhesabu pumzi zake kwa saa. Asiyetimiza miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, wa miezi miwili hadi kumi na moja akipumua mara 50 au zaidi, na wa mwaka mmoja hadi mitano akipumua mara 40 au zaidi, mpeleke zahanati siku hiyohiyo. Ikiwa nyama za chini ya mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, usingoje hesabu yoyote. Hesabu kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, si akilia.